Madawati Yaliyokataa Kupanda Lori

Dada yangu amefundisha darasa la kwanza tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, na kwa muda wote huo hajawahi kuwa na darasa ambalo watoto wote wamekalia kitu. Nataka hilo lijulikane mapema, maana ndilo alilokuwa akilitaka. Hakutaka cheo, hakutaka cheti cha kutundika ukutani, hakutaka kupiga picha na wakubwa. Alitaka, kabla hajastaafu, aingie darasani asubuhi moja aseme "kaeni", na watoto wakae, wote, kwenye madawati.

Wazazi wanamwita Mwalimu Radi. Sauti yake ikitoka darasani, mwenye duka wa ng'ambo ya barabara anaacha kupima sukari. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa mguu, na kiatu chake cha kulia huisha kabla ya cha kushoto kwa sababu ndio mguu anaosimamia akiandika ubaoni. Siku hizi ni mwalimu mkuu, lakini darasa la kwanza hajaliachia. Walimu ni wachache kuliko vyumba, na hata wangekuwa wengi, hamwamini mtu mwingine na watoto ambao bado wanashika penseli kama wanashika mwiko.

Mimi ni mdogo wake. Nauza saruji, misumari, mabati na rangi. Shule niliiacha mapema, biashara ikanisomesha kwa fimbo zake, kwa hiyo asiwepo wa kungoja nilie hapa. Nitasema kilichotokea na nani alifanya nini.

Mji wetu uko mpakani. Katikati kuna daraja. Huku nchi yetu, kule nchi ya jirani. Udongo ni mmoja, mvua ni moja, hata mbu ni walewale. Mama yetu mdogo aliolewa kule, na binti yake alikulia nyumbani kwetu kwa sababu alivuka daraja kuja kusoma huku. Ndiyo, kuja huku. Vijana wa sasa wakilisikia hilo wanadhani nawachezea akili. Lakini wakati huo shule za kule zilikuwa vibanda vya udongo, na chuo cha ualimu hawakuwa nacho. Mwenye mtoto mwenye akili alimtafutia ndugu wa upande wetu wa kumlea.

Huyo binti tulimbatiza Kasuku, kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni. Alilala kitanda kimoja na dada yangu, wakasoma kitabu kimoja, wakaenda pamoja chuo cha ualimu. Chuo hicho dada bado anakisimulia kama watu wanavyosimulia harusi. Kilikuwa na maktaba yenye taa, na chaki hazikuhesabiwa. Serikali yetu ililipa kila kitu, hata kitanda alicholalia Kasuku, mtoto wa nchi nyingine, na hakuna aliyeona ajabu.

Walipomaliza, dada akapangiwa shule ya hapa mjini na Kasuku akarudi kwao. Siku ya kuagana dada alimcheka.

"Huko kwenu utaandikia nini, mkaa?"

"Nitafundisha kwa mdomo," Kasuku akasema. "Huo serikali haiwezi kuninyima."

Kutoka hapo ukaanza mchezo wao. Bajeti za nchi hizi mbili husomwa wiki moja, na redio za pande zote mbili zinasikika mjini kwetu. Wawili hao walisikiliza zote mbili, kisha Jumapili wakakutana katikati ya daraja na kuulizana: katika kila mia ambayo serikali itatumia, shule zimepata ngapi? Mwaka wa kwanza kwetu zilikuwa ishirini, kwao kumi na moja. Dada akamnunulia Kasuku soda ya pole. Wakaendelea hivyo miaka mingi, mwenye kubwa anamnunulia mwenye ndogo, na mnunuzi daima alikuwa dada. Alikuwa anarudi nyumbani anatembea kama yeye ndiye aliyeziweka hizo ishirini.

Halafu zetu zikaanza kupungua, kidogo kidogo, kama gunia lililotobolewa na panya. Mwaka mmoja huoni. Mwaka wa pili unadhani ni macho. Za kwao zikawa zinapanda. Ulifika mwaka zikalingana, kumi na sita kwa kumi na sita, na pale darajani hakuna aliyenunua kitu. Mwaka uliofuata Kasuku akanunua soda, dada akainywa nusu, nyingine akaimwaga mtoni. Zilipokuja simu za mkononi wakaacha kukutana darajani. Kasuku anapiga tu: "Haya, mia yenu imezaa ngapi?" Mwaka jana kwao zilikuwa ishirini na mbili. Kwetu tisa. Simu iliita mezani mpaka ikakata, dada ameiangalia tu.

Sasa ukimuuliza mkubwa yeyote wa upande wetu, atakwambia bajeti ya elimu imeongezeka mara nne. Wanalisema kwenye kila jukwaa, na watu wanapiga makofi. Mimi hapo ndipo ninapotaka kumshika mtu shati. Mfuko wa saruji nilipoanza biashara niliuuza kwa noti moja. Leo nauuza kwa noti sita. Je, nimetajirika mara sita? Mwenye akili ya duka hahesabu noti, anahesabu mifuko iliyotoka. Pesa ya shule imeongezeka mara nne, chaki imepanda mara sita, na watoto wameongezeka mara tatu. Weka hayo matatu mezani halafu uniambie mtoto mmoja amebaki na nini. Amebaki na sakafu. Wanaosoma hizo bajeti wanajua hivyo, hawajakosea. Wanatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na sisi tunageuza shavu la pili lipakwe vizuri.

Afisa elimu wa wilaya yetu ni mtu mnene mpole ambaye watu wamempa jina la Bwana Mchakato. Ukimuomba vitabu, viko kwenye mchakato. Ukimuomba choo, kiko kwenye mchakato. Msiba wa mwalimu uliwahi kumkuta ofisini, na walioleta habari wanaapa kwamba jeneza nalo liliingia kwenye mchakato. Dada alikwenda kwake kila mwaka kuomba madawati ya darasa la kwanza, na kila mwaka alipigwa danadana, kutoka dirisha hili hadi dirisha lile, akarudi nyumbani akiwa amekaza taya. Nilimwambia aache. Nilimwambia mtu hanunui kwenye duka ambalo mwenye duka amelala. Akaniambia yeye hanunui, anadai, na nisimfundishe kazi yake.

Ndipo ukaja ule ugeni.

Serikali hizi mbili zilikubaliana kuandika taarifa moja ya pamoja, kulinganisha kila nchi imetumia nini kwenye elimu kwa miaka ishirini na imepata nini. Walimu na maofisa wa kule waje kutembelea shule zetu, wa kwetu waende kwao. Jambo la maana kabisa, likifanywa na watu wenye haya. Kasuku, ambaye sasa ni mwalimu mkuu wa shule yenye maabara mbili, alikuwa kwenye msafara wao. Kwa upande wetu zilichaguliwa shule tatu, na ya dada ikawa ya kwanza, ingawa haikuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya usafi.

Bwana Mchakato, aliyekuwa ameshindwa kupata dawati moja miaka yote hiyo, kwa wiki mbili akapata madawati arobaini. Mapya, miguu ya bomba la chuma, mbao zimepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Tukafurahi. Kisha dereva wa lori, ambaye hununua rangi kwangu, akanieleza mpango wenyewe. Madawati yalikuwa arobaini, na shule zilikuwa tatu. Wageni wangefika kwa dada asubuhi, waone darasa la wadogo limekaa vizuri, halafu wakaribishwe chai ofisini. Wakiwa wanakunywa, lori lipakie madawati lipite barabara ya nyuma hadi shule ya pili, ile ya kule juu kwenye machimbo ya kokoto, yashushwe na watoto wakalishwe kabla msafara haujafika. Kisha chai nyingine, na lori kwenda shule ya tatu. Jioni madawati yote stoo, yafungiwe humo kungoja wageni wengine. Dereva alinisimulia akicheka. Mimi pia nilicheka, mwanzoni.

Ungedhani mtu mwenye mpango kama huo angeulinda. Lakini Bwana Mchakato ana ubahili wa watu wanaotumia pesa isiyo yao: hulegeza pakubwa, hubana padogo. Wageni walikuwa wafike Jumatatu. Lori lilikuwa linapita mjini Ijumaa likitoka safari nyingine, na kulikodi mara mbili aliona ni hasara. Akaamuru madawati yashushwe kwa dada hiyo hiyo Ijumaa, yakae pale mwisho wa wiki. Nilisikia kwamba alijisifu ofisini kwa hiyo akili yake.

Na akaacha agizo: watoto wasiyakalie mpaka Jumatatu. Wasiyachafue.

Hilo agizo ndilo lililomwasha dada. Kama angenyamaza tu, nadhani dada angeyatazama yakija, akayatazama yakienda, akameza. Lakini kuambiwa madawati yasikaliwe na watoto! Alitoka shuleni akaja dukani kwangu moja kwa moja, vumbi la chaki likiwa bado mikononi, akasimama mbele ya kaunta kama mteja.

"Mfuko wa saruji ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akaniambia nimepandisha. Nikamwambia nimeshusha, tena kwa sababu ni yeye. Akasema anataka minane, na kwa minane kuna bei ya jumla, na kama sina bei ya jumla atakwenda kwa yule jirani yangu anayeuza saruji iliyolala. Tukavutana pale, nikashuka, akataka nishuke tena. Nilipouliza anajenga nini, akaanza kutoa noti zilizokunjwa kunjwa. Wazazi walikuwa wamechanga siku hiyo hiyo, langoni, wakija kuchukua watoto.

"Dada, unajenga nini?"

"Nataka ukae kimya mpaka Jumatatu. Hilo nalo unauza bei gani?"

Nikampa mifuko minane kwa bei niliyonunulia, na usafiri juu yangu. Kimya sikumtoza. Ndiyo hasara pekee niliyoipata mwaka huu kwa kujua.

Jumamosi asubuhi walikuja wazazi na sururu, majembe, ndoo, na mtaimbo mmoja. Sakafu ya darasa lile ilikuwa imebanduka siku nyingi, imebaki magamba magamba juu ya udongo, hivyo kuchimba hakukuwa kazi. Kulikuwa na fundi mwashi kati yao, baba wa pacha wa darasa hilo, yeye ndiye aliyepanga mistari kwa kamba. Walichimba shimo kwa kila mguu wa dawati, wakachomeka, wakashindilia kokoto, wakamimina zege. Halafu wakasawazisha sakafu yote juu yake, chumba kizima, kikawa kama sinia.

Likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Madawati yale yalikuwa marefu mno kwa watoto wa darasa la kwanza. Aliyeyanunua hakuuliza nani atayakalia. Alinunua yale yatakayopendeza kwenye picha. Yalipozama shibiri moja kwenye zege, yakawa kimo chao hasa. Fundi aliita mmoja wa pacha wake waliokuwa wakicheza nje, akamkalisha. Miguu ya mtoto ikagusa chini. Dada alimtazama, halafu akamwambia atoke, sakafu haijakauka.

Jumapili walipokezana kuimwagilia maji. Saruji ikipata siku mbili na maji ya kutosha haibembelezwi na mtu.

Jumatatu nilikuwepo, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Bwana Mchakato alitangulia kufika, akaingia darasani, akaona watoto wamekaa watatu watatu, wamenyooka, mikono juu ya mbao. Akaona na sakafu. "Mmeweka na sakafu?" akauliza, na uso ukamng'aa. Akampa dada mkono kwa jitihada za wazazi. Dada akamwambia ahsante.

Wageni wakaingia. Waliuliza maswali ya maana: watoto wangapi, vitabu vingapi, mwalimu anapata nini. Bwana Mchakato akajibu yote yeye, na ile mara nne akaitia mapema. Mmoja wao akawa anaandika. Kasuku, ambaye amenenepa sasa na anavaa miwani, akajisogeza nyuma ya darasa akakaa kwenye dawati la mwisho pembeni ya mtoto. Akafanya kile ambacho kila mtu hufanya akikaa: akalivuta dawati limsogelee. Halikuja. Akavuta tena. Akainama, akatazama miguu ya dawati ilipoingilia sakafuni, kisha akainua kichwa akamtazama dada yangu juu ya vichwa vyote vile vya watoto.

"Madawati yenu yana adabu," akasema. "Yametulia."

"Yamefundishwa," dada akajibu.

Wakaenda kunywa chai. Lori likaingia kwa mlango wa nyuma, wapakiaji wanne wakashuka, wakawatoa watoto nje na kushika dawati la kwanza. Sitalisahau lile tukio hata nikizeeka. Waliinua kama watu wanavyoinua dawati, kwa mazoea tu, wakabaki wameinama. Wakatazamana. Wakashika tena kwa nguvu, mishipa ikawatoka shingoni. Mmoja akaenda kujaribu la pili, la tatu, kama mtu anayejaribu milango ya nyumba iliyofungwa. Dirishani watoto walikuwa wamerundikana wakitazama wanaume wazima wanavyoshindana na dawati, kicheko kikaanza kwa mmoja, kikaenea.

Kile kicheko ndicho kilichomtoa Bwana Mchakato ofisini, kikombe bado mkononi. Alimkuta dada mlangoni mwa darasa.

"Mwalimu, haya madawati yana nini?"

"Hayana neno. Yamekaa."

"Yamekaa vipi? Lori linasubiri."

"Mimi niliomba madawati, ukaniletea. Hukuniambia kwamba umeniazima."

Akateremsha sauti. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kisahani na hakuiona. Akamuuliza kama anajua anacheza na nini, na amebakiza muda gani kustaafu. Dada akamwambia mwaka na nusu. Akamwambia basi afikirie huo mwaka na nusu, na pensheni yake, na aseme wazazi walifanya bila yeye kujua.

"Niliwaita mimi," dada akasema. "Na kokoto nilibeba mimi."

Wageni walikuwa wameshaanza kusimama. Hapakuwa na la kufanya. Wapakiaji wakapanda lori tupu.

Sasa sehemu inayofuata siipendi, na dada haipendi zaidi. Kule machimboni, watoto wa shule ya pili walikuwa wameogeshwa, wamepakwa mafuta, wamepangwa nje mstari tangu alfajiri wakiambiwa madawati yanakuja. Walimu wao walikuwa wanatazama barabara. Badala ya lori ukafika msafara. Wageni wakaingia darasani wakakuta chumba kitupu, na watoto wakakaa chini mbele yao na sare zilizofuliwa. Kasuku alinisimulia baadaye kwamba kuna mtoto aliyemuuliza kama ni yeye aliyebeba madawati. Bwana Mchakato aliposema yako kwenye mchakato, yule mgeni aliyekuwa akiandika akaomba amtajie neno hilo tena polepole, aliandike sawasawa. Shule ya tatu hawakwenda. Walielezwa kwamba barabara imekatika kwa mvua. Ulikuwa ni kiangazi.

Madawati hayakung'olewa. Wageni walikuwa wamelipiga picha lile darasa, na taarifa yao ilikuwa inakuja. Kuyavunja kungemfanya Bwana Mchakato aeleze mara mbili. Lakini dada wangeweza kumng'oa. Barua ya uhamisho ilifika kabla wiki haijaisha. Na nani asiyejua alikopelekwa? Kule kule machimboni, shule ya pili, awe mwalimu wa darasa la kwanza, ukuu umekwisha. Bwana Mchakato alimwambia mhasibu wake, na mhasibu hana siri: "Akakae nao chini."

Maana yake alipata alichokitaka kwa asubuhi nne. Asubuhi nne alisema "kaeni", na wakakaa wote. Halafu akatolewa.

Kasuku alivuka daraja kuja kumpa pole na dada akammalizia hasira zote. Alimwambia amekuja kuwapiga picha kama wanyama. Alimwambia chaki alizojifunzia zilikuwa za kodi ya mama yetu, na leo anakuja na miwani kuhesabu watoto wanaokaa chini. Mimi nilidhani urafiki umeishia pale. Kasuku akamwacha amalize. Kisha akasema jambo ambalo, kwa miaka yote ya kulinganisha mia na mia, hakuwahi kutuambia, na sisi hatukuwahi kuuliza.

"Unadhani kwetu waliamka asubuhi moja wakatupa? Tuligoma muhula mzima. Mishahara ikakatwa. Mume wangu akaniambia nimerukwa na akili. Tuliwachosha, dada. Kila walikogeuka walitukuta. Mwaka uliofuata ndio zilipanda, na kila zikitaka kushuka tunarudi. Nyinyi huku mlikuwa mnasikiliza redio."

Dada alikuwa anafunga vitu vyake kwenye sanduku, akaendelea kufunga. Nami nilikaa nikifikiri jinsi tulivyozitazama zile ishirini kama mvua, kitu kinachonyesha au kisichonyesha. Wenzetu walikuwa wanapatana bei. Kazi yangu ndiyo hiyo, kupatana bei, na halikuwahi kunijia akilini kwamba hata hilo linapatanwa.

Siku ya kwanza kule machimboni akina mama walimsubiri. Ni wagonga kokoto, mikono yao imepasuka, hawana muda wa salamu ndefu. Habari zote walikuwa nazo. Mmoja, mama mrefu mwenye nyundo bado kiunoni, akamuuliza mbele ya wote kama ndiye aliyewanyima watoto wao madawati.

Dada angeweza kuwaambia ni Bwana Mchakato. Akasema ni yeye. Akasema wangekaa nayo muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha yangeondoka.

"Kikombe kimoja kingetutosha," yule mama akasema. "Sisi hatujawahi kukaa hata huo."

Wakamzonga, kila mmoja na lake, na dada aliyezoea kunyamazisha watoto mia kwa neno moja safari hii alinyamaza yeye. Alipopata nafasi akawaeleza zile mia: zilivyokuwa ishirini, zilivyofika tisa, na wenzao wa ng'ambo walivyofanya. Hakuwabembeleza. Walimsikiliza kwa hasira ileile, ila niliona, maana nilikuwa nimempelekea sanduku, kwamba hasira ilikuwa imeanza kutazama upande mwingine. Yule mama mrefu ndiye aliyelisema.

"Kama ni kukaa chini tu, mwalimu, kuna sheria gani kwamba wakalie chini ya hapa?"

Kesho yake asubuhi darasa la kwanza la machimboni lilifundishwa kwenye baraza ya ofisi ya elimu ya wilaya. Baraza ile ina vigae, ni pana, ina kivuli mpaka saa nane, na hupigwa deki kila siku. Akina mama walileta watoto kwa miguu, wakawapanga mistari toka mlangoni hadi kwenye ngazi. Dada alitundika ubao kwenye nondo za dirisha la masijala. Waliposema irabu kwa pamoja, makarani walishindwa kusikia simu.

Bwana Mchakato akafika na gari lake, akakuta mlango wake hauonekani. Akamwambia dada hapa si shule. Dada akamwambia anajua, na akamwomba asisimame kwenye mwanga. Akaitwa askari, ambaye aliuliza ni kosa gani aandike, kusoma? Akaondoka kwenda kuuliza. Siku ya tatu yakaja madarasa mengine mawili, na siku ya tano wakaja wazazi wa ile shule ya tatu ambayo barabara yake ilikatika kwa mvua ya kiangazi. Barua ya kumsimamisha dada kazi imeandikwa, mhasibu ameiona, lakini aliyetumwa kuileta anatakiwa apite mbele ya wale wagonga kokoto, na anasema hana haraka. Pensheni yake iko hatarini kweli, sitadanganya. Nimemwambia hivyo. Ameniambia niendelee kuuza saruji.

Hii ni wiki ya pili. Leo asubuhi nilipita pale na mzigo wa mabati nikapunguza mwendo. Bwana Mchakato alikuwa anaingia kazini. Amekunja suruali kidogo, ameshika faili kifuani kwa mikono miwili, anapita kwa ncha za viatu katikati ya watoto, akitafuta pa kukanyaga, na kwa kila hatua anasema samahani. Watoto wanasogeza magoti, wanasema karibu, kisha wanageukia ubao. Dada alikuwa anaandika, ameegemea mguu wa kulia. Hakugeuka.